Nyimbo za kushangilia mashuleni: utani unapogeuka dhihaka

Leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wazazi wengi wa Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji hulihesabu kuwa la kitoto: nyimbo wanazoimba vijana wetu pembezoni mwa uwanja, shule moja inapocheza na nyingine.

Kwanza tuseme wazi kuwa hatuungani na wanaoharamisha kila kelele ya uwanjani. Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza na kujitangaza kuwa yu pamoja na upande mmoja. Upande wa pili ukaacha kurusha, kwani vipi washindane na walio pamoja na Mtume? Akawaambia waendelee, naye yu pamoja nao wote. Ushabiki ulikuwepo, na ulipowavunja moyo wapinzani ukarekebishwa pale pale.

Ushangiliaji wa wanafunzi wetu umechota kwingi. Umo mchakamchaka wa asubuhi, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia huku miguu ikipiga chini kwa pamoja. Zimo ngoma za Warufiji na Wandengereko, ijapokuwa ngoma yenyewe siku hizi ni ndoo ya plastiki. Na wamo sana Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba ya mwaka 1936, ambao mashabiki wao huitana "vyura" na "mikia". Mwanafunzi hubadilisha jina tu, akaimba yale yale dhidi ya shule jirani. Utani ni mila ya kale ya nchi hii. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata msibani, na hakuna anayenuna.

Lakini mtani hujibiwa, na wote wawili hucheka. Msichana wa netiboli anayeimbiwa na umati kuhusu umbo lake atamjibu nani? Na mtoto aliyetoka delta kwa mashua, akaimbiwa kuwa hajawahi kuona lami? Hiyo ni dhihaka na kubandikana majina mabaya, mambo yaliyokatazwa waziwazi katika aya ya 11 ya Suratul Hujurat, tena aya ikawataja wanaume peke yao na wanawake peke yao, asibaki wa kujitoa.

Sisi wa Kibiti tulipaswa kulielewa hili kuliko wengine. Miaka ya 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na askari polisi walipouawa katika eneo letu, jina la Kibiti lilitajwa kwa hofu nchi nzima, na kijana wa hapa alilibeba popote aendapo bila kosa lake. UMISSETA huanzia shuleni, ikapanda wilayani na mkoani hadi taifa. Huko vijana wetu husimama mbele ya umati wasioujua. Mtu akiligeuza jina hilo kuwa kiitikio, tutaumia. Basi kwa haki gani mabweni yetu yamwimbie mwingine msiba wa kwao?

Wapo wasemao kuwa wimbo huisha filimbi ya mwisho ikipulizwa. Tunamfahamu binti mmoja, shule hatuitaji, aliyerudisha jezi wiki ile ile na hajacheza tena.

(La kupanga mechi Ijumaa mchana tumekwisha kulisema mara nyingi, hatulirudii.)

Tunaloomba si gumu. Mwalimu wa michezo amwite kiongozi wa washangiliaji siku moja kabla, azisikilize nyimbo zote. Wa kuisifu shule upite, wa kumtia moyo golikipa aliyefungwa upite, hata wa kumkumbusha mpinzani mabao ya mwaka jana. Wenye mama wa mtu ndani yake, au kabila lake, au mwili wake, uachwe. Nasi wazazi, kijana akirudi jioni tusiulize idadi ya mabao tu. Tumwambie atuimbie alichoimba. Akisita mbele ya mama yake, jibu tumekwisha kulipata.