Fulana Zimefika, Msimamizi Hajafika

Na Mwanaidi Sefu

Wanaonisoma kila Alhamisi wanaujua uadui wangu na semina za hotelini, na wanajua ulianzia kwenye sambusa. Safari hii sina neno na sambusa. Za Kigoma zilikuwa na nyama. Kilichoniudhi wiki hii ni maikrofoni.

Semina ilihusu afya ya akili katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mbele walikaa wenye suti, katikati sisi wenye kalamu, na nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, wakimbizi wachache waliotoka kambini kwa kibali, kila mmoja na fulana ya bluu ya mradi. Hao ndio wenye kazi. Wamefundishwa kumsikiliza mtu aliyelemewa, kumwonyesha namna ya kutuliza pumzi, kukaa naye wiki baada ya wiki mpaka apate pa kuanzia, na kumtambua yule ambaye hali yake inahitaji daktari. Si manesi wala wanasaikolojia. Ni mafundi cherehani, walimu wa zamani, akina mama wa kwaya.

Mshereheshaji akawaita "wenzetu wa kujitolea". Wakasimama, wakapigiwa makofi ya kilo, wakapigwa picha, wakaambiwa wakae. Kisha ratiba ikateleza, na mmoja wao akajikuta na maikrofoni mkononi. Mama wa Kikongo, wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya fulana. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, bila haraka:

"Iko dada moja kwenye kijiji yetu, ananiambia ako na mawazo mingi, usingizi hakuna. Ameniambia yote. Mimi nikirudi ku nyumba, siko nalala. Yule wa kutusimamia alikuwa anakuja kila juma. Toka mvua ianze hatujamuona. Atarudia lini?"

Ukumbi ukanyamaza. Mshereheshaji, bila kupepesa jicho, akajibu: "Ahsante sana mama, swali zuri mno, limechukuliwa." Tukaitwa kwenye chai.

Limechukuliwa na nani? Limepelekwa wapi? Kwenye meza ya mbele hakuna aliyeandika hata herufi moja. Nilikuwa natazama.

Kwenye foleni ya chai, bingwa mmoja kutoka Dar es Salaam akaninong'oneza kwamba kosa ni kuwapa watu wa kozi fupi akili za wenzao wachezee. Nikamuuliza yeye kambini huenda lini. Akachukua sambusa. Huyo dada asiyelala, basi, akae asubiri mpaka daktari bingwa ateremke kutoka hospitali ya akili ya Mirembe?

Hoja ya kwamba asiye mtaalamu hawezi ilikwisha zamani, na ilizikwa hapo jirani. Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe kwa wiki sita, kisha wakawagawa kwa makundi Wanyarwanda na Wasomali 277 wenye kiwewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya waliosaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio, asilimia 70 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa walipofuatiliwa baadaye. Walioachwa wakipimwa tu, asilimia 37. Baadaye, katika Rhino Camp, wanawake kutoka Sudan Kusini wakakutana kwa makundi, vikao vitano, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa huku waongozaji wasio wataalamu wakiwashika mkono. Nao wakapata nafuu. Bingwa wangu ana haki ya kula sambusa yake, lakini si kubishana na hilo.

Lakini kazi hii haifanywi kwa kumpa mtu cheti na kumuaga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano vya msaada wa aina hii, wa mwaka 2016, unataka msaidizi awe na msimamizi. Na usimamizi wenyewe si jambo la kutisha. Ni watu wawili kwenye benchi na daftari. Nani hakuja wiki hii? Nani amesema bora afe? Wewe ulimjibu nini? Na wewe mwenyewe, unalala?

Basi kwa nini ndicho kitu cha kwanza kukatwa? Mimi nasema ni kwa sababu hakipigiki picha. Cheti kinapigika. Fulana inapigika vizuri sana, hasa ya bluu. Watu wawili na daftari, hapana. Tena wanayoyasema ni siri. Shemeji yangu naye alinunua pikipiki mpya akaona oili ni anasa. Mnaweza kukisia alirudije kutoka Uvinza.

Na hilo la "kujitolea" nalo tuliache kabla halijatuaibisha zaidi. Mkimbizi kambini haajiriwi kama wewe na mimi. Anapewa posho, na kwa posho hiyo anabeba vifo vya Kivu na Burundi vya mtaa mzima, jioni anarudi kwenye hema au kibanda chenye vifo vyake mwenyewe. Anayejitolea huweza kuacha. Yule mama atamkimbia wapi jirani yake? Wanachota maji bomba moja.

Tulipoondoka, wenye suti walikuwa wanapanga awamu ya pili: wasaidizi wapya, mafunzo mapya, fulana mpya. Sikusikia mtu akitaja msimamizi.

Wafadhili, najua baadhi yenu mnatafsiriwa safu hii. Ifuteni awamu ya pili. Mtafuteni yule aliyeacha kuja tangu mvua zianze, mlipeni, mpeni na pikipiki yenye oili. Kama fedha ya msimamizi hamna, basi msimfundishe mtu mwingine hata mmoja.