"Mungu ananijua nilivyo"

Vijana wenzetu, neno hili tunalisikia sana hapa Nyarugusu, na sisi wenyewe tunalisema. Tumechoka nalo.

Jumapili tuko kwaya moja, sauti zinalingana mpaka wamama wanafuta machozi. Jumatatu, kwenye foleni ya maji, yule yule wa sauti ya pili anakuwa "mtu wa kabila lile", dumu lake linasukumwa nyuma. Nani alisukuma? Ni sisi, tusizunguke. Na dada mmoja alipotuambia ukweli kwenye mazoezi, tulimjibu kwamba hana heshima, eti ameokoka juzi tu.

Someni Wagalatia sura ya 2. Petro alikuwa mtume tayari, ametembea na Yesu mwenyewe. Pale Antiokia alikuwa anakula na watu wa mataifa bila shida, ila walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akaogopa, akajitenga. Paulo akampinga uso kwa uso, mbele ya wote. Sasa sisi wa kwaya ni nani hata tusiambiwe?

Wengine watasema kabila ndilo lilitukimbiza kwetu. Hatujasahau, wengine tulizika watu njiani. Lakini mwenye lile dumu naye alikimbia, pengine usiku uleule.

Nanyi ndugu wa mashirika, semina za amani ni nzuri, soda pia ni nzuri. Ila msituite vijana wa mfano kabla hamjatuona bombani.

Yule dada hajarudi mazoezini. Jumamosi tunaenda kwao kuomba msamaha. Asipotufungulia, tutarudi Jumamosi nyingine.