Hamburg Mara Kumi na Moja

Kuna neno limenikaa kooni. Juzi alikuja mgeni kwenye kituo chetu cha vijana, mama mmoja Mwingereza. Mtu mwema, simsengenyi. Akatuonyesha picha kwenye simu: Hamburg, Ujerumani. Maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt kandokando ya maji, soko la samaki la Jumapili alfajiri. Ameenda likizo huko mara kumi na moja! Kila akirudi, anaona kitu kipya.

Kijana mmoja akasema, "Mama, hata mimi siku moja ningependa kufika." Mama akatikisa kichwa: "Mwanangu, Ulaya siyo jawabu. Jenga maisha hapa ulipo."

Hapo nikakasirika. Maana picha iliyofuata ilikuwa ya BallinStadt, makumbusho ya wahamiaji, pale Veddel.

Tusikilizane vizuri. Kati ya 1850 na 1939, watu karibu milioni 5 walipitia bandari ile kwenda Marekani na kwingineko. Wengi walikimbia umaskini. Wayahudi kutoka Urusi walikimbia kuuawa. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini, na wahamiaji wakabebeshwa lawama. Mwaka 1901 kampuni ya meli ya HAPAG, chini ya Albert Ballin, ikawafungulia mabweni Veddel, mbali na katikati ya mji. Wapimwe na daktari, wale, walale, wangoje meli.

Foleni, daktari, chakula, kungoja. Si ndiyo sisi hawa? Tofauti ni moja tu: wao meli yao ilikuja. Mimi niliingia kambini na miaka tisa, sasa nina ishirini na nne.

HAPAG ilikuwa na msemo wake: "Shamba langu ni dunia." Leo watu wanalipa kiingilio kuwaheshimu wahamiaji wale. Sisi tukitamani dunia hiyohiyo, eti tuna tamaa. Hapa Malawi sheria inatutaka tukae kambini, na mwaka 2023 wenzetu waliokuwa wanatafuta riziki mijini walirudishwa kwa nguvu. Sasa huko "hapa ulipo" mtu ajenge nini, na wapi?

Kwenda likizo mara kumi na moja siyo dhambi. Dhambi ni kumhubiria kuridhika mtu anayehitaji kibali hata kwenda Lilongwe. Na sisi tunaolea vijana tuache kuimba wimbo huo. Hamu ya kutembea siyo ugonjwa.

Mama, ukienda mara ya kumi na mbili, karibu tena Veddel. Ingia kwenye mabweni yale, kisha ujiulize: foleni yetu nayo mnangoja iwe makumbusho ndipo mtuonee huruma?