Kijana wa Kisegi ana wimbo, je, ana mkataba?

Wanasiasa wetu wakizungumzia vipaji vya vijana, ahadi huwa mbili: studio na tamasha. Za Pwani ni hizo, za kaunti za Ziwa ni hizo hizo. Sikatai studio. Lakini kijana wa Kisegi, kule Homa Bay, hakosi wimbo. Akosacho ni elimu ya kuumiliki wimbo wake na kuufanyia biashara.

Msomaji wa Mombasa au Lamu ataniuliza, Kisegi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu ugonjwa ni mmoja. Kule, mwanamuziki wa benga au ohangla hupata riziki kwa pakruok: shabiki hutoa noti ili ajisifu yeye na watu wake. Kwetu kwenye taarab twaita kutunza. Pesa hiyo ni halisi, lakini ni ya usiku ule tu. Kesho wimbo wapigwa kwenye matatu, hoteli na simu, na mtunzi hana habari nani alipwa.

Eneo hilo lina funzo lake. Phares Oluoch Kanindo, aliyewahi kuwa mbunge wa Homa Bay, alikuwa mzalishaji na muuzaji wa santuri katika miaka ya 1970. Alitoa nyimbo za bendi za benga chini ya lebo zake, na santuri hizo zikafika hadi kusini mwa Afrika. Watu wa Zimbabwe walipoupenda muziki huo, waliuita "kanindo". Jina lililovuka mipaka ni la mfanyabiashara, si la mpiga gitaa. Simlaumu. Alijua soko liko wapi na bidhaa yasafirishwa vipi. Swali langu ni kwa nini maarifa hayo yabaki kwa muuzaji peke yake.

Sheria sasa imebadilika. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 yasema mapato ya miito ya simu yagawanywe hivi: asilimia 52 au zaidi kwa msanii au mwenye haki, 39.5 kwa kampuni ya simu na 8.5 kwa mtoa huduma wa kati. Wengi walishangilia ile 52. Mimi naomba tusome maneno mawili: "mwenye haki". Kijana aliyemwachia prodyuza haki zote ili arekodiwe bure, si yeye tena mwenye haki. Asilimia ile itakwenda kwa mwingine, na sheria haitakuwa imevunjwa.

Mirabaha nayo si ya kutegemewa peke yake. Mwaka 2017 chama kikongwe cha kukusanya mirabaha, MCSK, kilinyimwa leseni na kazi ikapewa chama kipya, MPAKE. Mivutano kama hiyo ikitokea, anayesubiri ni msanii.

Kwa hiyo somo la biashara ya muziki si anasa. Kabla ya kushika maikrofoni, iandikwe nani ametunga, nani amepiga na kila mmoja ana fungu gani. Kazi isajiliwe kwenye Sajili ya Kitaifa ya Haki, iliyo chini ya KECOBO. Mwenye harusi alipe arubuni kwanza. Pesa ya bendi isichanganywe na pesa ya mboga, na hesabu iandikwe hata kama ni daftari la shule.

Najua wako masheikh wasioridhia muziki, na mjadala huo si wa leo. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi tuliofunzwa hivyo madrasa, twawezaje kufanya kazi za maelfu kwa kuaminiana mdomo?

Vyuo vya ufundi vya chini viko mikononi mwa serikali za kaunti. Vyatoa ushoni, useremala na umekanika. Kozi fupi ya mikataba, usajili na hesabu kwa wasanii haihitaji jengo jipya. Yahitaji mwalimu, wakili wa kujitolea na ubao. Studio bila elimu hiyo itazalisha nyimbo nyingi zaidi za watu wengine kumiliki. Mgombea atakayekuja kwenu na ahadi ya studio, Kisegi au Kisauni, muulizeni: na mkataba atatufunza nani?