Staa Kachemsha na Ndinga Yake, Msalaba Kabebeshwa Fundi

Clip yenyewe haifiki hata dakika moja. Staa mmoja wa Bongo, yule wa miwani mikubwa na mikufu ya kuhesabu, kasimama pembeni ya Barabara ya Bagamoyo jua la saa nane mchana. Boneti iko juu, mvuke unapanda kama sufuria la mama ntilie. Anaonesha gari, anamtaja fundi kwa jina, anataja na gereji ilipo, halafu anafunga kwa kumwita tapeli. Mpaka jioni clip ilikuwa imezunguka kila group la WhatsApp mjini.

Watu walicheka, povu likawatoka. Ila kwenye ile gereji hakuna aliyecheka. Kwa mujibu wa mtu wa karibu na fundi huyo, wateja wawili walikuja kuchukua magari yao kabla hata kazi haijaisha, na watatu wakawa hawapokei simu. Fundi ni kijana mwenye familia, analipa kodi ya kibanda kila mwezi na ana wasaidizi wawili wanaotegemea mkono wake. Jina aliloanza kulijenga tangu alipokuwa anashika spana za wenzake limechafuliwa kwa clip ya kiki.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wiki mbili kabla ya hapo, staa huyohuyo alikuwa anavimba Insta na Mercedes-Benz C200 Kompressor, ile ya umbo la W203. Wapenzi wa magari wanaijua: neno Kompressor kule nyuma maana yake injini ina supachaja, na kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 163. Siyo gari ya mchezo. Lakini jamaa aliona haitoshi, akaagiza intakula kubwa, nene, inayong'aa, akaipiga picha kabla hata haijafungwa. Maneno aliyoweka chini ya picha yalikuwa ya mikwara: barabara yote ni yake.

Kwa asiyejua, supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Inaibana hewa ili iingie nyingi kwenye silinda, nguvu iongezeke. Shida ni kwamba hewa ukiibana inapata moto. Yeyote aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua pampu inavyochoma vidole. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni yake ni kidogo, na ikizidi sana mafuta yanaweza kulipuka kabla ya wakati na injini ikaanza kugonga. Kompyuta ya gari ikiona joto hilo inarudisha taiming nyuma ili kuiokoa injini, na hapo dereva anahisi gari nzito. Kazi ya intakula ni kuipoza hewa hiyo kabla haijaingia. Ni rejeta ya hewa, basi.

Je, kuweka kubwa zaidi kunasaidia? Kunasaidia, ila hesabu zake haziko kama picha za Insta. Chukua mfano wa hewa ya Dar yenye digrii 30. Supachaja ikiibana kwa nusu baa, inaweza kutoka ikiwa na digrii kama 90. Tuseme intakula ya kawaida iliyo nzima inaondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka: hewa inashuka hadi digrii 48. Ile kubwa tuseme inaondoa asilimia 85: hewa inashuka hadi 39. Tofauti ni digrii 9, yaani hewa inakuwa nzito zaidi kwa asilimia kama 3 hivi. Kwa gari ya farasi 163, hapo umeongeza farasi 5 tu. Mkwanja wote ule kwa farasi watano, ambao kwenye foleni ya Mwenge hawana hata pa kukimbilia.

Na kuna kitu kingine ambacho pesa hainunui. Intakula inayopozwa na upepo haiwezi kushusha hewa chini ya joto la nje. Dar ya Januari inabaki kuwa Dar ya Januari. Tena upepo wenyewe unapatikana gari ikitembea. Ukisimama kwenye foleni nusu saa, lile dude linapata moto kama vitu vingine vyote vya pale mbele.

Hapo ndipo kisa cha staa kinapoanza kueleweka. Msaidizi mmoja wa pale gereji alisimulia kwamba fundi alimwambia kabisa, "Bosi, hii ni nene sana, itaziba upepo wa rejeta. Tuipunguze, au tutafute ya saizi yake." Jibu likawa, "Fundi, wewe funga, nina shooting kesho." Si hivyo tu. Staa akataka zile plastiki za pembeni zinazoelekeza upepo zitolewe, ili intakula ionekane vizuri kwenye kamera. Zikatolewa. Matokeo yake upepo ukawa unakwepa pembeni badala ya kupita katikati, na rejeta ya injini iliyojificha nyuma ya dude lile ikabaki inahema. Weka AC juu, weka foleni, weka jua la saa nane. Gari ingeacha kuchemsha vipi?

Hii haimaanishi fundi hana kosa. Analo. Fundi anayejua kitu kitaharibika halafu anakifunga kwa sababu mteja ni maarufu, amekubali kuwa sehemu ya tatizo. Angekataa, au angeandika kwenye risiti kwamba mteja ameonywa na amesaini. Daktari hakupi dawa kwa sababu umeipenda rangi yake, na fundi wa kweli naye inabidi ajifunze kusema hapana, hata kama anayekataliwa ana wafuasi milioni. Ila kati ya kosa la kushindwa kukataa na kuitwa tapeli mbele ya mji mzima kuna umbali mkubwa sana.

Wanaoumia zaidi huenda ni wale ambao hata hawajatajwa kwenye clip. Tangu ile picha ya kwanza ipostiwe, madogo wenye Kompressor na Subaru za turbo wamekuwa wanaulizia intakula kubwa kule Kariakoo kama vile ni kava la simu. Dogo mmoja anayefanya kazi duka la simu alikuwa anaweka hela ya kubadilisha tairi zilizokwisha. Akaacha tairi, akachukua intakula. Anatembea na gari yenye mbele ya mashindano na tairi zilizo kipara, na masika yakianza barabara haitamuuliza ana wafuasi wangapi. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kiki.

Mafundi wenye uzoefu wana utaratibu wao, na hauhitaji umaarufu. Kwanza wanakagua mipira na klempu, kwa sababu mpira uliopasuka unavujisha upepo wote ulioulipia. Wanaosha intakula iliyopo, maana matope, vumbi na mafuta ya ndani vinaiua taratibu. Wanahakikisha feni zinazunguka na rejeta haijaziba. Halafu wanachomeka mashine ya kupimia na kusoma joto la hewa inayoingia kwenye injini, gari ikiwa inatembea na ikiwa imesimama. Namba ikisema intakula imezidiwa, ndipo inatafutwa kubwa zaidi. Mara nyingi inazidiwa pale mtu amefunga puli ndogo ili supachaja izunguke kwa kasi zaidi, au anaipeleka gari mashindanoni. Kwa gari ya kwenda saluni na kurudi, usafi na mpira mpya wa shilingi chache unaweza kurudisha nguvu ambayo mtu alidhani lazima ainunue.

Habari za mjini zinasema ndinga ya staa imeshapona. Fundi mwingine alirudisha zile plastiki, akafunga intakula ya saizi ya kawaida, na gari haijachemsha tena. Vizuri. Lakini hakuna clip mpya. Ile ya zamani bado ipo, jina la kijana bado linatajwa kwenye komenti, na staa ameshahamia kwenye stori nyingine. Kama alikuwa na dakika moja ya kumwangusha mtu, hawezi kukosa dakika moja ya kumwinua. Siyo lazima apige magoti. Aseme tu: "Nilionywa, sikusikia." Maneno mawili, na kibanda cha watu kinaweza kufunguliwa asubuhi kikiwa na wateja.

Mdau, ungekuwa wewe ndiye fundi, ungefunga au ungekataa? Dondosha maoni yako hapo chini, ila majina ya watu yaacheni.