Maganda ya Risasi Yasisafishwe Jikoni

Leo naomba kuongea na wale walioko Marekani, hasa akina kaka wanaopenda kulenga shabaha na kuwinda kulungu. Risasi za dukani ni ghali, kwa hiyo wengine huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wakayasafisha, wakayapaka mafuta, kisha wakayajaza upya nyumbani. Kama hali yako ya uhamiaji inakuruhusu kumiliki silaha, mimi sina ugomvi na starehe yako. Mimi ni nesi, na ninalosema ni moja tu: kazi hiyo isifanyike ndani ya nyumba wanamoishi watoto.

Kiswahili chetu kimeshatuonya. Neno risasi ni la kile kinachotoka kwenye bunduki, na ni la madini yenyewe, yale yenye sumu. Wengi hudhani risasi iliyofunikwa kwa shaba haina neno. Si kweli. Kile kifataki kidogo kwenye kitako cha ganda mara nyingi kina kemikali yenye madini hayo hayo, na kikishalipuka masizi yake hubaki ndani ya ganda. Ukilitia kwenye mashine ya kutikisa yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, masizi yanageuka vumbi laini. Unapokuja kuchekecha, vumbi linaruka. Huli­oni, lakini linatua kwenye meza, zulia na nguo zako, na mtoto anayetambaa analipeleka mdomoni.

Hapa ndipo ninapokasirika. Anayefurahia bunduki ni mmoja, wanaolipa ni mama mjamzito na watoto. Sumu hii hupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mimba, na kwa mtoto mdogo hudhoofisha akili, usikivu na masomo, mara nyingi bila dalili yoyote. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Tangu 2021 CDC inataka mtoto afuatiliwe akifikia mikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu. Ndugu zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathirika na sumu hii hii kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wakahangaika mahakamani miaka mingi. Sisi tusijiletee wenyewe nyumbani.

Utaniambia, "Dada, nimefanya miaka mitano na sijaumwa." Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Presha kupanda, tumbo kusokota, choo kigumu, kichwa kuuma na mbegu za kiume kupungua, yote haya yanaweza kutokana nayo, na wewe ukasingizia uchovu wa kazi.

Basi kama huachi, fanya hivi:

1. Fanyia kazi gereji au banda, mlango wazi, mbali na vyakula. Usile wala kuvuta sigara hapo.

2. Safisha kwa maji badala ya magunzi makavu, maana maji hulizuia vumbi. Maji machafu usiyamwage kwenye sinki la jikoni. Uliza kaunti yako wanapopokea taka zenye sumu.

3. Vaa glavu. Mafuta ya kupaka maganda ya kupuliza mara nyingi huwa na spiriti, yanashika moto na mvuke wake unaumiza kichwa. Ukimaliza kulirudisha ganda kwenye umbo lake, futa mafuta yote, kwani ganda lenye utelezi huongeza msukumo kwenye kitasa cha bunduki.

4. Usifagie pakavu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

5. Badilisha nguo na viatu kabla ya kuingia ndani, zifue peke yake, kisha nawa na kuoga kabla ya kumbeba mtoto.

6. Mwambie daktari waziwazi unachofanya, muombe kipimo cha damu cha risasi, chako na cha watoto. Watoto wenye Medicaid wanatakiwa kupimwa wakiwa na miezi 12 na 24.

Akina dada, msione haya kusema. Meza ya kulia ni ya ugali, si ya maganda. Mbaki salama.