Kimo kimoja, uzito mara mbili

Anayetaka mbwa wa kunusa wa kufuga nyumbani mara nyingi hukwama kwenye njia panda moja: achukue Beagle au Basset Hound? Picha hazimsaidii. Wote wawili wana manyoya mafupi, mara nyingi ya rangi tatu, nyeusi, nyeupe na kahawia, masikio yanayoning'inia na macho ya upole. Hata futi kamba haimsaidii sana. American Kennel Club, chama kilichowatambua wote wawili mwaka 1885, kimewawekea kikomo kilekile cha kimo cha begani: sentimita 38.

Mizani ndiyo inayosema. Beagle mzima ana kilo 9 hadi 14. Basset ana kilo 18 hadi 29.

Kwa hiyo Basset si mbwa mdogo, ingawa anaonekana hivyo. Ni mbwa mkubwa aliyewekewa miguu mifupi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza chanzo chake: nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, ambayo huzuia mifupa ya miguu kurefuka. Dachshund na Corgi nao wanayo. Wawindaji wa Ufaransa, ambao jina walilompa Basset linatokana na neno lao la "chini", waliupenda ufupi huo kwa sababu mtu aliyefuata sungura kwa miguu aliweza kwenda na mbwa wake bila kuachwa nyuma. Vichakani ilikuwa faida kubwa. Kwenye nyumba yenye ngazi, mgongo mrefu juu ya miguu kama hiyo ni mzigo, na diski za uti wa mgongo hupata taabu. Siku mbwa huyo akigoma kupanda, lazima mtu ambebe. Kilo 25 ni nusu mfuko wa saruji, tena mfuko unaojinyonganyonga.

Kuna na mengine ambayo wauzaji huyataja haraka. Kifua cha Basset ni kirefu, na tumbo lake linaweza kujaa gesi na kujisokota, hali inayoweza kumuua ndani ya saa chache asipofikishwa kwa daktari wa mifugo. Ndiyo maana chakula chake hugawanywa mara mbili au tatu kwa siku, na baada ya kula hupumzishwa. Masikio yake marefu hufunga hewa, yakaota fangasi na kutoa harufu. Kwenye joto lenye unyevu kama la Mombasa au Dar es Salaam, kuyasafisha kila wiki ni kazi isiyokwepeka. Mwaka 2009 Kennel Club ya Uingereza ilipitia upya vigezo vya aina zake zote za mbwa, ili ngozi iliyozidi na maumbile yaliyotiwa chumvi yasiendelee kupewa tuzo. Mnunuzi naye ana haki ya kuwa mkali. Aombe kuwaona wazazi wa mtoto wa mbwa wakitembea, na kama tumbo la mama linakaribia kuburuzika chini, aondoke.

Beagle ana mwili mwepesi na wenye uwiano, ila taabu yake iko kwenye pua na tumbo. Mwaka 1984, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kuwatumia Beagle kwenye viwanja vya ndege, ikianzia Los Angeles, kunusa matunda na nyama kwenye mizigo ya abiria. Msafiri wa Afrika Mashariki aliyetua huko na embe begini huenda ameshakutana na mmoja wao. Walichaguliwa kwa kuwa ni wadogo, hawatishi watu na wako tayari kufanya chochote ili wapate kipande cha chakula. Tabia hiyohiyo ikiingia jikoni, hakuna sufuria iliyo salama, na Beagle asiyepimiwa chakula hunenepa upesi.

Upole wake nao umemponza. Maabara zimemtumia miaka mingi kwa majaribio kwa sababu anavumilia kushikwashikwa. Mwaka 2022 Beagle wapatao 4,000 waliondolewa kwenye kituo kimoja cha kuzalisha mbwa wa utafiti jimboni Virginia, wakagawanywa kwa familia mbalimbali. Maelfu ya mbwa waliokulia kwenye vizimba walilazimika kujifunza maisha ya nyumbani. Jambo hilo linapaswa kumfanya kila mnunuzi aulize kwanza kama yupo Beagle mzima anayehitaji makazi, kabla ya kuagiza mtoto wa mbwa.

Nairobi au Arusha, ambako nyumba nyingi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, swali la kuchagua kati ya Beagle na Basset lina uzito wa ziada. Hakuna kati ya hawa wawili aliye mlinzi. Watapiga kelele mgeni akifika, tena kelele ndefu ya kuvuta, maana sauti hiyo ilikusudiwa imfikie mwindaji aliye mbali. Kisha watamkaribisha kwa mkia. Wote walizoea kuishi na kuwinda kwa kundi, kwa hiyo nyumba inayobaki tupu kutoka alfajiri hadi jioni isimchukue yeyote. Atalia mchana kutwa, na majirani wana haki ya kulalamika.

Kwa familia yenye watoto wanaokimbia, ukuta uliofika chini kabisa (Beagle huchimba) na mtu anayeshinda nyumbani, hakuna sababu ya kusita: Beagle. Basset anawafaa watu wazima watulivu, wanaoishi nyumba ya chini, wenye mgongo wa kumnyanyua na fedha za daktari. Asichukuliwe na mtu anayedhani amepata mbwa mvivu, kwani naye anahitaji matembezi kila siku, asije akanenepa na kuuumiza mgongo wake.

Kabla fedha haijatolewa, familia iombe kutembea nusu saa na mbwa mzima wa kila aina, akiwa kwenye kamba. Beagle atavuta kuelekea kila harufu mpya. Basset ataikuta harufu moja, asimame, ainamishe kichwa hadi masikio yafagie vumbi, na kwa dakika kadhaa hakuna atakayemsogeza.